Jina la Maksai

Kijijini Ihanja hakukuwa na maksai aliyetajwa zaidi ya Tarumbeta. Leonidas akishika plau, sauti yake ilifika barabara kuu: "Tarumbetaaa! Geuka!" Alimpenda ng'ombe huyo kupita kiasi. Hata neno la siri la barua pepe ya nyumbani lilikuwa jina lake.

Asubuhi moja, binti yake Loyce aliwasha kompyuta. Alingoja jibu la chuo cha uuguzi, na mwisho wa kuthibitisha nafasi ulikuwa kesho yake. Barua pepe ikagoma kufunguka.

"Baba, kuna mtu amebadilisha neno la siri!"

Leonidas akaenda mbio kumwita jirani yao, Mwalimu Aneth, anayefundisha kompyuta sekondari.

"Shikamoo, Baba Loyce. Tulia kwanza. Namba yako ya simu imo kwenye hiyo barua pepe?"

"Marahaba, Mwalimu. Imo."

Aneth alibonyeza palipoandikwa "umesahau neno la siri". Tarakimu sita zikaingia kwenye simu ya Leonidas.

"Hizi usimtajie mtu, hata akikupigia akijiita mtaalamu."

Loyce akaziandika mwenyewe. Barua pepe ikafunguka, na jibu lilikuwemo. Amechaguliwa! Mama yake, Dorkas, alipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia.

"Neno la zamani mlimwambia nani?" Aneth aliuliza.

"Hakuna. Lilikuwa Tarumbeta tu," Leonidas alijibu.

Aneth alishika mbavu kwa kicheko. "Baba Loyce, hilo nalisikia nikiwa darasani!"

Leonidas alicheka kwa aibu. "Nikitunga gumu nitalisahau. Niliandike?"

"Unganisha maneno manne yasiyohusiana. Liandike kwenye daftari, ulifungie sandukuni. Mwizi wa mtandaoni hafungui sanduku."

"Na kivinjari?" Loyce aliuliza, akionyesha programu ya kufungulia intaneti. "Kinataka kutunza neno la siri."

"Kompyuta ingekuwa yenu tu, na inafungwa kwa neno la siri, ningekubali. Lakini majirani huja kuchapisha barua hapa. Kataeni. Na kikiomba kusasishwa, msibonyeze 'baadaye'. Kikisasishwa, matundu ya wezi huzibwa."

Siku hiyohiyo walifanya yote, na Loyce akathibitisha nafasi yake.

Siku ya safari, Dorkas alimsindikiza Loyce kituoni. Leonidas aliwaaga, akaenda kulima. Jirani yake Bonifasi akamtania.

"Neno jipya ni la maksai yupi?"

"Muulize maksai mwenyewe!"

Basi likatokea barabarani. Leonidas akajaza kifua, akaita kwa furaha yote aliyokuwa nayo:

"Tarumbetaaa!"

Dirishani ukachomoza mkono wa Loyce, ukapunga mpaka basi likapotea.