Sauti ya Shemeji

Haya yalitokea nyumbani kwa dada yangu nami nikiwepo, kwa hiyo asije mtu kuniambia ni porojo.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Dada alikuwa anaanika nguo, binti yake anaosha vyombo huku akiimba, mimi nimejinyoosha barazani. Akaja fundi wa studio, mpole kupita kiasi. Machale yakanicheza, mtu hawi mpole hivyo bure. Alitaka kuitengeneza upya sauti ya shemeji yangu, mume wa dada, mwimbaji aliyependwa sana kabla hajafariki, ili kompyuta imwimbishe wimbo mpya kwenye onyesho.

"Na marehemu mwenyewe kaulizwa na nani?" nikasema.

"Mjomba naye!" mpwa wangu akacheka. Dada hakucheka. Macho yake yalikuwa yameshakubali.

Kanda za shemeji zilikuwa chache, na ala zimeifunika sauti. Fundi akaamua kuziba mapengo kwa sauti ya binti.

"Damu nzito kuliko maji," akasema. "Hakuna atakayejua."

Mpwa wangu akaenda studio, akaimba mchana kutwa, akarudi koo limemkauka. Tukadhani ni uchovu. Kesho yake akawa ananong'ona tu. Daktari akammulika, akasema koo ni zima kabisa. Wiki haikuisha, akawa anaongea kwa mikono.

Nikawachukua yeye na mama yake, tukamfuata fundi. Tulipoingia, shemeji alikuwa anaimba kwenye spika. Sauti ileile, nzito, tamu.

"Maneno hayo kaandika nani?" nikauliza.

Fundi akanong'ona, "Si nyie familia? Mimi niliandika ubeti mmoja tu. Haya mengine nayakuta tu humo kwenye kompyuta."

Ndipo sauti ikataja jina nisilolijua. Dada akashika ukuta.

"Aliniita hivyo tukiwa wawili tu," akasema.

Nikageuka kumtazama mpwa wangu. Midomo yake ilikuwa inafuatisha kila neno. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Ifute!" nikamwambia fundi. "Mtoto apate sauti yake!"

Dada akanikamata mkono. "Mwache kidogo, kaka. Aimbe mara moja tu."

Nilimwogopa dada yangu kuliko ile spika.

Fundi akafuta. Kimya. Binti akakohoa.

"Mama," akaita.

Sauti yake mwenyewe. Nikalia kwa furaha kama mtoto. Dada naye alilia, lakini hakumtazama mwanawe.

Juzi mchana nilipita kwao. Mlango ulikuwa wazi. Mpwa wangu amelala kwenye kochi, usingizi mzito. Dada amepiga magoti kando yake, sikio amelibandika kooni mwa mwanawe, anatabasamu.

"Nipo, baba watoto," alikuwa ananong'ona. "Imba."

Nikasogea. Nikainama.

Mdomo wa binti ulikuwa umefungwa. Koo lilikuwa linatetema.