Kipimo cha Subana

Lifti ya jengo la maduka ilikwama kati ya orofa ya tatu na ya nne saa sita mchana, saa ambayo kila mtu mjini huamini kuwa ana haraka kuliko mwenzake. Fundi wa lifti alipoufungua mlango, abiria kumi walitoka wakimlaani kana kwamba ndiye aliyeikwamisha. Wa kumi na mmoja, mwanamke aliyevaa blauzi ya kijani iliyokolea, alitoka taratibu, amelinyanyua gauni la harusi juu ya kichwa chake lisiguse grisi.

"Ahsante, fundi."

"Harusi lini?"

"Jumamosi. Si yangu, mimi nashona tu."

"Kumbe fundi mwenzangu."

"Tofauti ni kwamba wateja wangu hawakwami."

"Wako hukwama baadaye, wakishalivaa."

Alilisema hilo bila kutabasamu. Mwanamke akacheka mpaka gauni likatikisika.

Kwa miezi minane waliitana "fundi" badala ya majina. Mwanamume aliishi katika chumba chenye viti viwili, kimoja kikiwa hakijawahi kukaliwa ila na shati lake. Mwanamke aliishi nyuma ya duka lake la ushonaji, pamoja na masanamu matatu ya kuvalisha nguo, ambayo hayakuwa na vichwa na kwa hiyo hayakuwa na mazungumzo. Kila jioni simu iliita.

"Umekula, fundi?"

"Nimekula. Na wewe, mpenzi?"

"Nimekula."

Wote wawili walikuwa wamekula wamesimama.

Ndipo mwanamume akaamua kununua pete ya uchumba. Uchaguzi haukuwa rahisi: mwanamke hakuvaa chochote vidoleni, kwa kuwa pete yenye kito hunasa satini na kuifumua. Sonara alimtandikia vito vya kila rangi; yeye akaonyesha pete nyembamba, laini, isiyo na kito.

"Hii ni ya mtu asiyetaka kuonekana," sonara alisema.

"Ni ya mtu anayefanya kazi."

"Haya. Kipimo?"

Hakuwa nacho.

"Niletee pete yake nyingine."

"Hana."

"Basi kitu chochote kinachomkaa kidoleni."

Kitu hicho kilikuwa kimoja tu: subana, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole na sindano. Marehemu mama wa mwanamke alimwachia vitu viwili, cherehani na subana hiyo. Siku iliyofuata mwanamume alipita dukani, akamkuta mbele ya kioo kirefu akibana pindo la gauni, amempa mgongo. Akaichukua subana mezani, akaitia mfukoni, akaaga.

Jioni simu iliita.

"Mpenzi, hukuiona subana yangu?"

"Hapana. Itakuwa imeanguka chini ya cherehani."

"Nimetazama."

"Tazama tena, mama."

"Haya," mwanamke akasema, wala hakutazama tena. Alikuwa amemwona kiooni akiichukua. Aliuliza ili kumwachia mlango wazi, na kesho yake akauliza tena, na keshokutwa tena. Mwanamume, ambaye nia yake ilikuwa njema, alizidi kudanganya kwa ustadi. Na ni ustadi huo uliomtisha mwanamke. Siku ya nne hakupokea simu.

Wala hakupokea kwa siku tisa. Alishona bila subana, akajichoma, tone la damu likaangukia pindo jeupe. Akalifunika kwa ua la lesi, na bibi harusi hakujua. Mwanamume alipanda na kushuka majengo ya watu na sanduku lake la spana. Jioni alipiga simu, akasikiliza ikiita hadi ikakatika, kisha akahamisha shati kutoka kiti kimoja hadi kingine.

Pete ilipokuwa tayari alikwenda dukani, akaiweka mezani pamoja na subana.

"Niliichukua mimi."

"Najua. Nilikuona kiooni."

"Sasa kwa nini ulikuwa unaniuliza?"

"Ili uniambie. Mara tatu, fundi. Na ya tatu ulidanganya vizuri kuliko ya kwanza."

"Nilitaka kukushtukiza."

"Umenishtukiza."

Mwanamke aliitia pete kwenye kidole cha pete. Ikazunguka, ikateleza, ikaanguka juu ya kitambaa bila kishindo.

"Subana huvaliwa kidole cha kati," alisema. "Hata hilo hukuuliza."

"Sikuuliza."

Mwanamume akaiokota. "Nitairudisha kwa sonara aipunguze."

"Kwa kipimo gani?"

Mwanamume aligeuka kuondoka, akasimama mlangoni kama mtu aliyesahau orofa anayokwenda. Mwanamke aliivaa subana mahali pake, akakata uzi shubiri moja, akausukuma mezani.

"Rudi. Nimepima mji mzima, hakuna aliyewahi kunipima mimi. Pima, nakuona."

Akauzungusha uzi kwenye kidole cha pete, akapima. Mkono wake ulizoea nyaya za chuma, na ilimbidi arudie mara mbili.

"Unakubali, basi?"

"Pima kwanza."

Alipomaliza, mwanamke aliulaza uzi kwenye rula, akafungua daftari la vipimo vya wateja. Akaandika tarehe, akaandika urefu wa uzi. Kwenye safu ya jina kalamu yake ilisita, kisha ikaandika neno moja: *Mimi*.