Radhi Iliyokwama Njiani

Kila Ijumaa, akishatandika vitanda vya wageni, Wanu huketi mbele ya kompyuta ya nyumba yao ya wageni, Mji Mkongwe. Binti yake, Badria, ni baharia wa meli ya mizigo. Huko simu haishiki. Barua pepe ndiyo njia pekee, tena meli hupokea zinazotoka anwani ya nyumbani tu, ile aliyoiandikisha alipoajiriwa.

Ijumaa hii Wanu alikuta maneno machache: "Mama, mbona kimya? Bado hujanipa radhi?"

Siku Badria alipoondoka, yeye alikataa kwenda kumuaga. Hakutaka mtoto wa kike aende baharini. Hasira zilikwisha kitambo, ikabaki hamu ya mtoto. Barua ya radhi ameiandika tena na tena.

"Ummy! Njoo mwanangu, nnakufa miye!" alimwita jirani, fundi wa kompyuta.

"Shikamoo, Bi Wanu."

"Marahaba. Nani anakula barua zangu?"

Ummy alipekua. "Zinafika kwenye mtambo wa meli, zinakataliwa mlangoni. Seva yenu, yaani mtambo unaopeleka barua zenu, ina jina baya. Nani katuma tangazo kwa watu wengi?"

Bakar, mumewe Wanu, alikohoa. "Mimi. Niliwatumia salamu za mkono wa Idi wageni wote waliowahi kulala hapa, pamoja na bei za vyumba. Ningemwacha mmoja, si angenuna? Hata harusi tunaalika mtaa mzima."

"Harusini watu hununa wasipoalikwa, mzee wangu. Kwenye barua pepe hununa wakitumiwa wasichokiomba. Wameziripoti kuwa barua taka. Sasa meli inawaona nyinyi matapeli."

"Tufanyeje?" Wanu aliuliza.

"Wapo wakaguzi wanaothibitisha seva. Mnalipa ada, wanaikagua, wanaidhamini kwa cheti. Meli ya Badria inawaamini wakaguzi hao. Ni kama posa: mchumba akija, hamuulizi nani anamjua?"

"Na tapeli mwenye pesa? Si atalipa naye?"

"Atalipa. Ndiyo maana ada peke yake haitoshi. Lakini akituma taka, cheti kinafutwa na ada yake imekwenda na maji. Hapo ndipo anapoumia. Taka haziishi, ila zinapungua. Kwanza lakini, mzee wangu, futa majina ya wasiokuomba."

Bakar alifuta huku akinung'unika. Akabakisha waliokubali kutumiwa habari tu. Ada ikalipwa, wakaguzi wakaridhika, cheti kikatoka.

Wanu aliandika upya: "Mwanangu, radhi nilikupa siku ileile. Nilikuwa juu ya paa, nnaitazama meli yako mpaka ikapotea. Rudi salama."

Kisha akangoja.

Jibu likaja: "Mama, imefika. Nimeisoma kwa sauti mezani, na wenzangu wote wakaitikia amin. Niandikie tena."

Wanu alifuta machozi kwa ncha ya kanga, akaanza kuandika.