Barua ya Bakuli kwa Mama Tuy

Kila asubuhi punda wa maji walipanda kutoka mtoni hadi lango la kijiji chetu, kwa sababu kijijini hakukuwa na kisima. Baba zetu walichonga makaburi ya wafalme mlimani, na sisi tuliishi jangwani karibu na kazi yao. Maji yalimiminwa katika birika la langoni, nasi wasichana tulijipanga na mitungi. Kazi yangu ilikuwa kuleta maji ya nyumbani kabla jua halijawa kali.

Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu, na rafiki yangu Meresi alikuwa na mpira mpya wa ngozi uliojazwa makapi.

"Nubet, toka huko ucheze," aliniita. "Au unaogopa kunibeba?"

Katika mchezo wetu, anayeangusha mpira humbeba mwenzake mgongoni.

"Nikubebe mimi? Leo wewe ndiye punda."

Nilimbeba mara tatu. Tulipokumbuka mitungi, birika lilikuwa limekauka. Maji yalibaki kwenye hori la kunyweshea punda tu, na juu yake kulikuwa na utando wa kijani. Niliusukuma kando kwa kiganja, nikajaza mtungi wangu. Nilijiambia kwamba maji ni maji.

Nyumbani niliyamimina katika mtungi mkubwa wa jikoni. Mama alikuwa anakanda unga.

"Mbona umechelewa? Maji ya leo mazuri?"

"Mazuri, mama."

Kesho yake mdogo wangu Ipuy, mwenye miaka miwili, alianza kuhara. Sisi wengine tulikunywa bia nyepesi ya shayiri, kwa hiyo maji ya mtungi ule yalikuwa yake zaidi kuliko ya mtu mwingine. Siku ya tatu macho yake yalikuwa yamezama, na alilia bila machozi. Nilijua sababu. Kila asubuhi niliongeza maji safi juu ya yale machafu, nikitumaini yatayashinda. Ningeweza kuyamwaga yote, lakini mama angeuliza kwa nini. Basi nilinyamaza.

Siku ya tano baba alishuka kutoka mlimani kwa mapumziko. Alimshika Ipuy, akamgeukia mama.

"Henut, nani katukasirikia?"

"Majirani hatujagombana nao," mama alijibu. Alikuwa amechoka. "Labda ni mama yako. Sikukuu iliyopita tulimpelekea mkate mdogo."

Alimaanisha Mama Tuy, mama mzazi wa baba, aliyefariki mwaka uliopita. Katika lugha yetu hakuna neno la bibi. Yeye pia alikuwa mama. Nililala ubavuni kwake tangu nilipoachishwa ziwa, na kila nilipovunja chombo alidai amekivunja yeye.

Baba alichukua bakuli jekundu, akaandika barua ndani yake kwa wino mweusi, mstari ukizunguka hadi kitako. Ndivyo tunavyowaandikia wafu wetu. Kisha alinipa mkate niubebe, tukapanda hadi kaburi la familia, nyuma ya nyumba. Huko aliisoma kwa sauti, maana Mama Tuy hakujua kusoma alipokuwa hai, na kufa hakumfundishi mtu herufi.

"Kwa mama yangu Tuy, kutoka kwa mwanao Khons. Nimekukosea nini hata umguse mtoto? Ulipougua sikukuacha. Kila sikukuu nakuletea mkate na bia. Sasa Ipuy anakwisha. Usipomwachilia, nitakushitaki kwa mahakimu wa Magharibi, huko mliko wafu. Mkate wangu hutauona tena, wala jina lako halitatajwa..."

Sauti yake ilikatika. Sikuwahi kumwona baba akilia. Kwetu, mfu asiyetajwa jina amekwisha kabisa, na sasa Mama Tuy alikuwa anasingiziwa kosa langu, naye hakuwa na mdomo wa kujitetea. Nilijiona mbaya kuliko mwizi.

"Baba, usimalizie," nilisema. "Si yeye."

"Si yeye nani?"

"Si Mama Tuy. Ni mimi. Nilichota maji kwenye hori la punda. Nilikuwa nacheza, birika likaisha."

"Lini?"

"Siku ya kwanza. Kabla hajaugua."

"Na yale maji yalimwagwa?"

"Hapana, baba. Bado yamo mtungini."

Hakunipiga. Alilikamata bakuli akateremka mbio, nami nikamfuata na mkate wangu mkononi.

Mama alipindua mtungi uani, akausugua kwa mchanga na maji ya moto. Alichemsha maji safi, akapika uji mwepesi sana wa shayiri na chumvi kidogo, akamnywesha Ipuy kijiko kimoja kimoja. Alikuwa hanitazami.

"Nilikuuliza, Nubet," alisema mwishowe. "Nilikuuliza waziwazi kama maji ni mazuri."

Baba aliomba ruhusa kazini akabaki nasi. Siku ya tatu tangu hapo Ipuy alilia, na safari hii machozi yalimtoka. Mama aliyafuta kwa kidole akacheka huku naye akilia. Jioni ile Ipuy aliomba mkate.

Asubuhi iliyofuata baba aliniita uani. Alikuwa anaosha lile bakuli.

"Kaa hapa. Nimemtukana mama yangu bure. Wewe sema, mimi niandike."

"Nianzeje? Barua ni yako."

"Anza nilivyoanza mimi. 'Kwa mama yangu Tuy.' Kwani si mama yako pia?"

Nilisema yote: mpira, hori, uongo wangu kwa mama, siku tano za kunyamaza. Baba aliandika bila kunikatiza, kisha akaweka kalamu chini.

"Sikiliza, mwanangu. Kuchota horini lilikuwa kosa la asubuhi moja. Kila mtoto hucheza akasahau. Lakini ulinyamaza siku tano, na siku zote hizo Ipuy alikuwa anakunywa. Ukikosea, sema siku ileile. Hata kama utachapwa, sema."

"Nitasema, baba."

Tulipanda tena kaburini, mimi nikiwa nimebeba mkate niliouoka mwenyewe, umeungua upande mmoja. Nilipoliweka bakuli mlangoni niliona kwamba wino wa zamani haukutoka wote. Chini ya maneno yangu bado lilisomeka neno moja la baba: nitakushitaki.

"Baba, hili halijafutika. Tulisugue tena?"

Aliligusa lile neno kwa kidole.

"Liache," alisema. "Wewe ulisema uongo, mimi nikamshitaki mtu kabla ya kuuliza watu wa nyumbani kwangu. Mama Tuy na ajue tumekuja wawili kumwomba radhi."