Upande wa Chini wa Chaja

Hadithi hii ni ya kweli tupu, haina hata chembe ya chumvi. Asiyeamini akauulize ukuta wenyewe, upo mpaka leo.

Kila jioni binti wa muoka mikate alifagia ua, akapangusa trei, kisha akachomeka kebo ya chaja kwenye gari la mama yake. Gari hilo lilikuwa la umeme. Lilitembea kimya hata paka wa mtaani walisahau kulikimbia. Alfajiri mama alilijaza mikate ya moto, akaisambaza madukani.

Shuleni wenzake walimwita binti huyo Inspekta, maana hakuna kazi ya mtu iliyopita mbele yake bila kukaguliwa. Ukifuta ubao nusunusu, alikunyang'anya kifutio akamalizia. Ukifunga kamba za viatu ovyo, ulisikia habari zako.

Chaja yenyewe ilikuwa kisanduku cheupe, ukubwa wa mkate mmoja, kilichofungwa kwenye ukuta wa nje. Msimu wa mvua ulipokaribia, mama alimwita fundi umeme aje aikinge. Fundi alizima swichi kubwa, akafunga kipaa cha bati juu yake. Kebo akaiacha ining'inie chini kidogo kabla ya kupanda kuingia kwenye kisanduku, ili matone yadondokee pale. Mwisho akapaka silikoni, ile gundi ya kuzuia maji, mahali kisanduku kinapokutana na ukuta: juu, kushoto na kulia.

Inspekta alirudi kutoka shule fundi akiwa ameshaondoka. Akainama, akachungulia chini ya chaja. Chini hapakuwa na silikoni hata kidogo.

"Fundi kalipua," alimwambia rafiki yake, binti wa jirani. "Pande tatu kapaka, wa nne kaona uvivu."

"Si umuulize?"

"Nimuulize ili anipige porojo? Silikoni imebaki. Namalizia mwenyewe."

"Mama yako akikuona?"

"Atanishukuru."

Akaliminya bomba la silikoni, akajaza upande wote wa chini. Akaziba na katundu kalikokuwa kwenye kitako cha kisanduku, kisha akalainisha kwa kidole. Alijiona fundi wa mafundi. Jioni ile alikunywa chai kwa madaha.

Siku chache baadaye mvua ikaja, na haikuja kutania. Ilinyesha mchana kutwa, mpaka bata wa jirani wakabisha hodi wakiomba kulala sebuleni. Ilipopungua, Inspekta alichomeka kebo kama kawaida. Chaja ikawasha taa nyekundu, na gari halikupokea umeme.

Mama alichomoa, akachomeka tena. Nyekundu vilevile.

"Makubwa haya," alisema. "Na mikate ya kesho niibebe kichwani?"

Akampigia fundi simu aje haraka. Inspekta alibaki pale ukutani. Aliibonyeza silikoni yake kwa kidole, ikabonyea kama lengelenge lililojaa maji. Hakuhitaji kuambiwa kilichotokea.

Baba wa rafiki yake akaingia uani na mwavuli, bintiye nyuma.

"Mama Inspekta, naomba namba ya yule fundi wako. Nina kazi ya nyumba nzima, nataka nimpe."

"Huyo achana naye, shemeji," mama alisema. "Katulipulia kazi. Mvua moja tu, chaja kwisha."

"Kumbe? Basi afadhali nitafute mwingine."

Rafiki yake alimkodolea Inspekta macho. Inspekta akatazama vidole vyake vya miguu. Angenyamaza, nani angejua? Lakini pikipiki ya fundi ilikuwa tayari inaingia getini, naye fundi akashuka akitabasamu, hajui kwamba kazi ya nyumba nzima imeshamponyoka.

"Shikamoo mama. Kuna nini tena?"

"Marahaba. Njoo uone ulichotufanyia."

"Mama," Inspekta alisema, "usimseme fundi. Upande wa chini nimeuziba mimi."

Fundi alizima swichi kubwa, akapiga magoti, akaipasua ile silikoni kwa kisu chake. Maji yakamwagika yote kwenye viatu vyake.

"Nimeogeshwa," alisema.

Jirani akaangua kicheko. Inspekta hakucheka.

"Nilidhani umesahau," alisema.

"Sikusahau, mwanangu. Maji yana ujanja, hupita hata kwenye nyufa tusizoziona. Juu na pembeni tunayazuia. Yakipenya hata hivyo, lazima yapate pa kutokea, na pa kutokea ni chini. Wewe umeyafungia mlango. Bahati nzuri chaja hii ikihisi maji hujizima yenyewe."

Akafungua kifuniko, akakausha ndani kwa kitambaa na kikausha nywele cha mama, akapima kila waya kwa kipimo chake. Swichi ilipowashwa, taa ikawa ya kijani.

"Fundi, nimekusema vibaya, nisamehe," mama alisema. Akamgeukia jirani. "Shemeji, yale maneno yangu nimeyafuta. Mpe kazi yako."

"Nampa," jirani alijibu. "Ila chini asinizibie."

Mama akamshika Inspekta begani. "Kukagua ni jambo zuri. Lakini kazi ya mtu usipoielewa, muulize mwenyewe kabla ya kumhukumu. Vitu vya umeme usiviguse bila fundi. Na ukikosea, sema mapema kama ulivyosema leo, kabla mwingine hajabeba lawama zako. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Msimulizi akaiandika hadithi hii, akampa Inspekta aisome. Akasoma hadi mwisho, akarudi katikati, akaweka kidole.

"Babu, jirani hajawahi kufuga bata."

Msimulizi akajikuna kichwa. "Labda walikuwa kuku."

"Kuku nao hana."

"Paka je?"

"Na umeandika haina chembe ya chumvi," Inspekta alisema, akamkabidhi sponji. Hivi sasa msimulizi amekunja mikono ya shati mpaka kwenye viwiko, anaosha trei za mikate zote, na kila anayoimaliza inakaguliwa pande zote, wa chini ukiwemo.