Karatasi ya Tano

Kabati lilikuwa wazi, kufuli linaning'inia, na kitabu hakipo.

Vingine vyote vilikuwepo. Kompyuta mpakato ipo mezani. Chupa za vidonge vyeupe, mia na kitu, zimejipanga kwenye rafu kama wanakwaya. Hata chupa ya chai ipo, tena mpya! Mwizi gani wa mtaa huu wa Lizaboni anaacha kompyuta anabeba kitabu?

Inspekta Daimu alivuta kiti akakaa bila kukaribishwa. Miguu ilikuwa imegoma. Tangu Jumatatu alikuwa ameshughulika na pikipiki mbili zilizoibwa, ng'ombe watatu, na ugomvi wa shamba la tumbaku uliomfikisha mpaka Namtumbo na kurudi. Leo Ijumaa. Kichwa kilimgonga upande mmoja, na baridi ya Juni ilikuwa imeshaingia kwenye magoti.

"Shikamoo, mwalimu. Kitabu chenyewe cha nini?"

"Marahaba." Mwalimu Makarius, mzee mwembamba wa sweta la kijani, alikuwa anafundisha tiba ya homeopathi kwenye chumba hiki cha uani. Ana wanafunzi wanne tu. "Ni faharasa ya dalili, Inspekta. Mgonjwa anakueleza anavyojisikia, unatafuta dalili zake humo, kinakuonyesha dawa inayofanana nazo. Bila kile simpi mtu dawa."

"Hata kama unaijua kichwani?"

"Kichwa kinadanganya. Nafungua kitabu mbele ya mgonjwa, basi. Wa leo nimewarudisha wote. Nimewaambia waende hospitali mpaka kipatikane."

Koplo Rosemary aliinuka kutoka kabatini, unga wa kuchukulia alama za vidole umemjaa mikononi. "Afande, kufuli halijavunjwa. Limefunguliwa kwa ufunguo. Na alama ziko za kila mtu, hazitusaidii."

"Ufunguo unakaa wapi?"

"Nyuma ya picha ya Bikira Maria," mwalimu akasema. "Wanafunzi wote wanajua."

Daimu akafumba macho. Wote wanajua. Siku zote wote wanajua.

"Kichwa kinauma upande gani?" mwalimu akauliza ghafla.

"Kulia."

"Ukiinama kinazidi, au kinapoa?"

"Mwalimu, mwenye maswali hapa ni mimi."

Kassimu, mwanafunzi aliyesimama dirishani, akacheka. "Afande, umekaa kiti cha mgonjwa. Hapo lazima uhojiwe."

"Mnahoji kuliko sisi."

"Lazima," mwalimu akasema. "Kichwa kinamuuma kila mtu, hicho hakinisaidii. Natafuta kioja kimoja, kile ambacho huyu anacho na mwingine hana. Hicho ndicho kinanionyesha dawa."

Kioja. Daimu akafumbua macho akayazungusha tena chumbani. Pale mezani, chini ya chupa ya vidonge, kulikuwa na karatasi zimebanwa vizuri.

"Hizi nini?"

"Alama zetu za kitabuni," Kassimu akasema. "Kila mgonjwa ana karatasi yake. Unaandika dalili zake, unaiweka kwenye ukurasa unaohusika. Asubuhi tumezikuta hapo."

Daimu akazichukua. Pembeni ya kila moja kulikuwa na namba ya ukurasa kwa penseli, mwandiko mdogo, safi. Yaani mwizi amekaa, amezitoa moja moja, ameandika namba ili wenzake wasipoteze kazi yao. Ndipo akaiba!

"Mna wagonjwa wangapi?"

"Watano."

Karatasi zilikuwa nne.

"Wa tano nani?"

Mwalimu akafungua daftari. "Devota. Ana uvimbe kwenye titi. Ni mama yake Walburga, huyo hapo. Mwanafunzi wangu hodari kuliko wote."

Walburga alikuwa amekaa karibu na mlango, kitenge kimebana magoti.

"Walburga. Karatasi ya mama yako iko wapi?"

"Ndani ya kitabu, afande."

"Na kitabu?"

Walburga akatazama mlango.

"Binti, nimechoka. Usinizungushe."

"Hata mimi nimechoka." Akashusha pumzi. "Kiko nyumbani. Kwenye sanduku la mama, chini ya sare zake za WAWATA, za akina mama wa kanisani."

Koplo Rosemary akaenda na bodaboda. Dakika ishirini akarudi na kitabu kinene, kimefungwa kwenye kanga. Karatasi moja ilichungulia katikati.

"Haya," Daimu akasema. "Kwa nini?"

"Mama ana rufaa ya hospitali, akapimwe ule uvimbe. Wiki sita sasa! Hataki. Anasema mwalimu atamtafutia dawa kitabuni. Na mimi ndiye niliyemleta, afande. Narudi nyumbani na madaftari, namsomea: kinachofanana hutibu kinachofanana, dozi ndogo ndogo. Akaamini kuliko mimi. Leo ndiyo alikuwa achaguliwe dawa. Nikasema kitabu kisipokuwepo, ataambiwa aende hospitali."

"Si nilimwambia?" mwalimu akasema.

"Ulimwambia. Kafika nyumbani, kavua viatu, kasema atasubiri kipatikane."

Mwalimu akasimama. "Rufaa, Walburga! Ungeniambia, ningemfukuza hapa kwa fimbo!"

"Nilikuambia, mwalimu."

"Lini?"

"Mama aliniapisha kwa rozari nisiseme. Rufaa alishaitupa kwenye kuni, nikaiokota. Nikaandika dalili za mama nyuma ya hiyo rufaa, nikakupa mkononi. Kila Jumanne umeisoma. Nikawa nangoja uigeuze tu."

Mwalimu akakivuta kitabu. Akaitoa ile karatasi, akaigeuza. Mhuri wa hospitali. Jina la Devota. Neno "haraka," limepigiwa mstari mara mbili.

Akakaa. Mtu anayemuuliza mgonjwa maswali mia, analalia ubavu gani, anaota nini, wiki sita hakugeuza karatasi.

"Inspekta," akasema taratibu, "sina malalamiko tena."

Daimu akainuka, magoti yakalia. "Koplo, washa gari. Tunampitia mama huyo."

Mwalimu akaikunja rufaa akaitia mfuko wa shati. Kitabu akakiacha mezani.

"Tutamwambia bado hakijapatikana?" Walburga akauliza.

"Hapana, mwanangu. Tutamwambia kimepatikana, na nimesoma upande wa pili."