Meza ya Roshani

Siku ya meli kupakia abiria, ukumbi ule wa bandari haukuwa na nafasi ya kuangusha sindano. Masanduku ya magurudumu yalikwaruza sakafu, watoto walilia, na spika iliita majina ambayo hakuna aliyeyasikia vizuri. Nyuma ya dirisha la tatu alikaa binti mmoja mwenye blauzi nyeupe iliyonyooshwa kwa pasi na skafu ya kijani shingoni. Kazi yake ilikuwa kuuza nyongeza, vile vitu ambavyo havimo ndani ya tiketi. Unataka kunywa safari nzima bila kuhesabu glasi? Kwake. Kukandwa mgongo, intaneti, kupanda mapema bila foleni, maua kitandani, keki yenye maandishi? Kwake. Kwa miaka sita alikuwa ameuza raha za meli ile, na yeye mwenyewe hakuwahi kuikanyaga hata ngazi yake.

Asubuhi hiyo kitu kidogo kiligonga kioo, kikabingirika juu ya kaunta, kikatumbukia ndani ya kikombe chake cha chai.

"Samahani, dada. Hicho kifungo ni changu."

Akainua macho. Kijana mrefu alisimama pale na sare nyeupe ya wahudumu wa meza, mfuko wa kifuani umeachama kama mdomo wa mtu aliyesinzia.

"Ndiyo ukaamua kunitilia kwenye chai?"

"Niliona haina sukari." Akacheka, lakini jicho lake lilikuwa kwenye saa ya ukutani. "Kweli dada yangu, nisaidie. Msimamizi anakagua sare saa nne. Akinikuta hivi, wiki nzima nitaosha masufuria."

Binti akafungua droo. Humo aliweka sindano na uzi kwa ajili ya abiria wanaochanikiwa na nguo siku ya safari, wala hakuna aliyemwagiza afanye hivyo. Ni moyo wake tu.

"Uzi mweupe umeisha. Nina wa bluu."

"Hata wa kijani. Shona."

"Sogea basi. Usipumue."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nimalize. Ukifa nitakushonea na sanda."

Namba yake ya kazi ilikuwa imetariziwa pale pale mfukoni kwa uzi mwekundu, na sindano ikapita juu yake mara tatu, mara nne. Akakata uzi kwa meno. Kijana alinukia sabuni na mkate wa moto.

"Nikulipe nini?"

"Hii si nyongeza, kaka. Ni bure."

"Basi wewe ni Bi Nyongeza asiyelipisha."

"Na wewe ni Bwana Kifungo. Haya nenda, saa nne hiyo!"

Alipokwisha kuondoka, shoga yake wa dirisha la nne akasogeza kiti. "Mwenzangu, umeshona kifungo au umeshona mtu?"

"Hudumia foleni yako," akajibiwa. Lakini mashavu yalikwisha kumsaliti.

Meli ile ilikuwa ikienda na kurudi kila baada ya siku kumi, na kila ilipofika, simu ya binti iliita kabla kamba hazijakazwa.

"Bi Nyongeza."

"Abee, Bwana Kifungo."

"Ulinikumbuka?"

"Jumanne nilikusahau. Jumatano nikakuonea huruma, nikakukumbuka tena."

"Leo nikuletee nini?"

"Jilete mwenyewe. Inatosha, mpenzi."

Walitembea mitaa ya karibu na bandari, na siku zote kijana alishika upande wa barabara, ili magari yakirusha maji yamrukie yeye. Hakuwahi kulisema hilo. Binti aliliona tu kwenye suruali yake. Kijana alimsimulia vile vitu binti alivyoviuza bila kuviona: jinsi taulo zinavyokunjwa zikawa ndege, jinsi maua yanavyolazwa kwenye barafu yasinyauke. Zaidi ya yote alimsimulia roshani ya nyuma ya meli. Meza ilikuwa moja tu, viti viwili, na kitambaa cheupe kilichobanwa kwa vibanio vya shaba kisipeperuke.

"Siku moja utakaa pale, kipenzi."

"Kwa mshahara upi?"

"Kwa wangu. Na ubishi wangu."

Hata mama yake binti, ambaye kucheka kwake kulikuwa kwa msimu, alicheka kijana alipokuja nyumbani akaikarabati bawaba ya kabati bila kuombwa. Alipoondoka, mama akasema, "Huyu akiuliza jambo, mjibu upesi."

Mwaka ukazunguka. Jumatano moja simu ikaita.

"Ijumaa vaa lile gauni la bluu, uje ngazini saa kumi na moja jioni. Meli inaondoka saa mbili. Mfanyakazi anaruhusiwa mgeni mmoja wa saa chache."

"Kuna nini?"

"Utaiona meli. Basi."

"Wewe, unanificha kitu!"

"Nikikuficha, utakiona kwenye kazi yako," alisema, akakata simu huku akicheka.

Sasa msomaji wangu, hapa uelewe utaratibu wao. Maagizo ya abiria yaliandikwa kwenye karatasi nyeupe, yenye majina. Maagizo ya wafanyakazi yaliandikwa kwenye karatasi za manjano, yenye namba ya kazi peke yake. Na sheria ilikuwa fupi: wageni kwanza. Karatasi nyeupe ikikosa nafasi, muuzaji aliruhusiwa kuifuta ya manjano, akatia sahihi.

Ijumaa asubuhi wakaja wazee wawili dirishani, mume na mke. Mzee alikuwa na koti lililomzidi, koti la mtu aliyekuwa mnene zamani.

"Mwanangu," bibi akasema, "hiyo meza ya nje imebaki? Ya leo, kabla meli haijaondoka. Baharini hataweza kukaa na upepo."

"Imeshachukuliwa, bibi."

"Aa. Basi si kitu." Akamgeukia mumewe, akamfunga kifungo cha juu cha koti kama anavyofungwa mtoto. "Tutakula chumbani, baba."

"Mwambie ukweli," mzee akasema akitabasamu. "Mwambie hii ndiyo safari ya kuaga."

Binti akavuta jalada. Meza ya roshani, Ijumaa, saa kumi na moja: karatasi ya manjano. Namba 2063. Penye sababu pameandikwa neno moja, "Mshangao." Akachukua kalamu. Akamwonea huruma yule mfanyakazi asiyemjua. Nisamehe ndugu yangu, akasema moyoni, wewe bado una siku nyingine. Akapiga mstari, akatia sahihi yake.

Saa kumi na moja alikuwa ngazini. Gauni la bluu lilimkaa vizuri, viatu vya kuazima vilimbana vidole, na shoga yake alikuwa amemsuka nywele mpaka kichwa kikauma.

Mlinzi akapitisha kidole kwenye orodha. "Jina lako halipo, dada."

"Tazama tena, kaka yangu."

"Halipo. Mgeni wa mfanyakazi anaingia na agizo. Hakuna agizo, hakuna jina."

Akapiga simu. Haikupokelewa, kwa maana wahudumu hufungiwa simu zao sandukuni wakati wa kazi. Akapiga tena, mara ya tano, mara ya saba. Abiria walimpita na maua yao. Alisimama saa nzima na nusu, mpaka mlinzi mwenyewe akaona haya, akamletea kiti. Hakukaa. Aliandika ujumbe: "Umenifedhehesha. Usinitafute tena."

Jibu lilikuja meli ikiwa imekwisha kung'oa nanga. "Nimekuelewa."

Hasira hasara, wazee walisema, lakini nani huwasikiliza wazee wakati amekasirika? Binti hakupiga, kijana hakupiga. Safari iliyofuata hakushuka. Ya baada yake, wakasema ameomba kuhamishiwa meli nyingine ya kampuni.

Ulipita mwaka na miezi. Siku moja isiyo na meli, yule bibi akaja dirishani peke yake, amevaa nguo nyeusi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mzee wangu alitutoka wiki ya pili baada ya safari. Nilichelewa kuja kukushukuru, miguu haikutaka." Akatoa bahasha. "Ile jioni ndiyo ya mwisho aliyokula akashiba. Nimekutengenezea nakala ya picha."

Wazee walikuwa mezani, wakicheka. Kati yao palikuwa na keki nyeupe yenye maandishi ya bluu: "Bi Nyongeza, naomba nikuoe." Nyuma yao alisimama Bwana Kifungo na jagi la maji, ametoa lile tabasamu la kazini ambalo halifiki machoni.

"Keki hiyo tuliikuta mezani, ikatuchekesha!" bibi akasema. "Tulidhani ni mzaha wa meli, mzee akajibu, 'Nimeshamwoa, mmechelewa.' Na huyo kijana mpole kweli. Tulimwambia yule dada wa kaunta ametupa meza hii kwa moyo mweupe, bila hata kusita. Akatumiminia maji mpaka yakafurika glasi."

Binti alishika kaunta kwa mikono miwili.

"Vipi, mwanangu?"

"Si kitu, bibi. Picha ni nzuri." Hakumwambia. Angewezaje kuichafua jioni ile, nayo ndiyo iliyobaki?

Bibi alipotoka, alipiga ile namba ya zamani. Haikupatikana. Akauliza ofisini, akaambiwa meli ya kijana yule itafunga gati hapa mwezi ujao. Gauni la bluu likafuliwa.

"Utamwambia nini?" shoga yake akauliza.

"Nitamwambia ndiyo. Kwanza ndiyo. Maelezo baadaye."

Siku ilipofika, ukumbi ulijaa kama siku ile ya kwanza. Alimwona kwa mbali akija na sare yake, akaanza kusimama. Kisha akaona mkono uliokuwa ndani ya mkono wa kijana. Mwanamke mfupi mwenye gauni la maua alijitoa kwenye foleni, akapiga magoti kumsaidia mama mmoja kufunga sanduku lililogoma. Angekuwa na roho mbaya, ingekuwa nafuu.

Kijana akafika dirishani peke yake.

"Dada."

"Kaka."

"Mke wangu anasafiri nami safari hii. Nataka akandwe mgongo. Karatasi ya manjano." Akageuka kumtazama mkewe. Halafu, kwa sauti ya chini: "Ulipoifuta ile yangu, ulicheka, au hata ulisikitika kidogo?"

Binti akasukuma picha chini ya kioo. "Sikujua ni yako."

"Namba yangu ilikuwepo."

"Namba ipi?"

"Ya mfukoni. Sindano yako ilipita juu yake. Nikasema, huyu hawezi kuisahau."

"Nilikuwa naangalia kifungo."

Ukumbi mzima ulikuwa ukipiga kelele, lakini wao hawakuusikia.

"Nilikuja," akasema. "Na gauni la bluu. Saa nzima na nusu ngazini."

"Hawakuniambia."

"Hukuuliza."

"Na wewe hukuuliza."

"Mume wangu!" mwanamke akaita kwa furaha. "Wamepata nafasi?"

Kijana hakugeuka. "Nimwambie nini?" akanong'ona.

"Mwambie ni saa nane mchana. Asile akashiba kabla." Akagonga mhuri. "Weka sahihi hapa."

Kijana akainama kuandika, na mfuko wake ukaja karibu na kioo, karibu kama siku ile. Namba nyekundu binti aliisoma sasa, tarakimu moja moja. Kifungo kilikuwa kile kile. Kilikuwa kimeshonwa upya, mishono midogo iliyolingana, kazi ya mtu mwenye subira.

Uzi ulikuwa mweupe.

Alimrudishia nakala yake, akaitia picha ndani ya droo yenye sindano, akatazama juu ya bega la kijana.

"Anayefuata," alisema.